Anti, kichwa kinaniuma kila nikirudi geto

Shikamoo Anti. Mi ni kijana wa miaka 27, kwetu Njombe, ila nakuandikia nikiwa Glasgow, Scotland, nilikuja Septemba kusoma masta ya mwaka mmoja. Sitaki nikuchoshe ila hili jambo nimekaa nalo toka Desemba na nimefika mahali sina wa kumwambia, nyumbani siwezi, na huku kila mtu ana yake.

Kwanza ujue nimefikaje huku. Mzee aliuza miti Anti, ekari mbili za mipaini aliyokuwa anaipalilia toka mi niko darasa la nne, halafu ukoo wakachanga, kanisani wakachanga, mpaka kwaya walileta bahasha. Siku naondoka watu walijaa uwanjani kama msiba. Kwahiyo mi siumwi kama mtu mwingine anavyoumwa, mi nikiumwa kuna watu zaidi ya mia wameumwa na hela zao.

Sasa iko hivi. Baridi siyo ishu, mimi wa Njombe, Julai kwetu ukitia mkono kwenye ndoo asubuhi vidole vinakufa ganzi. Ila giza ndo limenimaliza. Desemba jua lilikuwa linatoka saa tatu kasorobo asubuhi na ikifika saa kumi kasorobo jioni limeshazama, na hapo katikati ni mawingu, yaani unaweza kumaliza wiki hujaona kivuli chako. Hapo ndo kichwa kikaanza. Kinagonga hapa mbele kwenye paji, na kichefuchefu, na uchovu ule wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala. Homa sina. Nkasema ni malaria imenifuata, kuna jamaa alitoka Dar alikuwa na mseto nikaomba, nikameza dozi nzima siku tatu, wapi. Nkasema ni msongo wa mawazo. Nkanunua panadol mpaka yule dada wa dukani ananiangalia vibaya maana huku pakti mbili ndo mwisho anakuuzia.

Kinachonichanganya ni kwamba nikiwa laibrari naweza kukaa masaa sita nasoma freshi tu. Nafanya kazi nyumba ya wazee, shifti mbili za usiku za masaa kumi kumi, Ijumaa na Jumamosi, nako huko nakuwa mzima. Nikirudi geto nalala Jumapili nzima, na Jumapili ndo siku mbaya kuliko zote, jioni nakuwa nayumba kama nimelewa. Ndo nikaanza kuwaza labda ni akili yangu inakataa kuwa peke yake. Kule kazini kuna kile kidude cha kubana kidole kinapima oksijeni, nikaazima siku moja nikaja nacho geto, kikasoma 98. Kwahiyo mwili uko sawa, shida iko kichwani, au siyo?

Geto tunaishi watatu, mimi, Mkenya mmoja wa Eldoret na Mnaija. Tumepangishiwa na jamaa Mwafrika mwenzetu, mkataba hakuna, tunampa keshi pauni 380 kila mmoja. Nyumba ya zamani, upepo unapita kila mahali, ukutani jikoni kulikuwa na yale matundu yenye wavu, baridi linaingia hapo kama mtu kafungua mlango, nikayaziba kwa magazeti na soltepu, siku hiyo wenzangu walinipigia makofi. Boila, ile mashine ya gesi ya kupasha maji na nyumba joto, liko hapohapo jikoni, kwenye kile kidirisha chake moto siku hizi unakuwa wa njano na ukutani juu yake pameingia weusi. Tulimwambia jamaa akasema ni la zamani ila ni zima, msilichokonoe. Huyu Mkenya chumba chake ndo kimepakana na jiko na yeye naye analalamika kichwa, ila yeye anasema ni macho, anataka miwani.

Mama nilimgusia kidogo tu. Nilijuta. Kuna jirani yetu kijana wake alinyimwa viza mwaka huohuo niliopata mimi, basi kwa mama kesi imeisha, mhusika kapatikana. Sasa kila siku saa mbili usiku ya huku, kwao saa tano, tunaomba kwa simu, na mi naitikia amina huku kichwa kinagonga.

Hospitali sijaenda. Daktari sijajiandikisha maana nimesikia bili za huku zinaweza kukufanya uuze figo, na pia nimesikia ukiandikwa una matatizo ya akili viza inaingia doa. Anti nifanyeje, niahirishe mwaka nirudi nyumbani nipumzike? Nitamwangaliaje mzee? Au kweli kuna mkono wa mtu?

Mtoto wa Njombe, Glasgow

JIBU

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Wasomaji wangu, hii barua ilinikuta kitandani saa nne usiku, nikaisoma, nikairudia, nikainuka nikakaa. Kawaida barua zinasubiri zamu, hii nilimjibu inbox usiku uleule kabla hata sijavaa miwani vizuri, na kanipa ruhusa niiweke hapa kwasababu anajua hayuko peke yake. Nilichomwandikia kilikuwa kifupi: amsha wenzako, zimeni boila, fungueni milango na madirisha, tokeni nje na makoti yenu, mkiwa nje ndo mpige 0800 111 999, hiyo ni namba ya dharura ya gesi ya England, Scotland na Wales, ni bure na wanapokea masaa 24. Na kama kuna mmoja haamki au anazungumza ovyo, hiyo achaneni nayo kwanza, piga 999, ya ambulensi.

Sasa nikueleze kwanini nilikukimbiza hivyo bila hata kukupa pole.

Barua yako umeniuliza habari ya giza, mawazo, jirani na mzee. Lakini majibu ulikuwa umeshayaandika mwenyewe, umeyatawanya tu. Kichwa kinachopona ukienda laibrari. Kichwa kinachopona ukiwa kazini, tena kazi ya usiku, tena ya kunyanyua wazee, ambako ndo ungetakiwa uchoke zaidi. Jumapili ukishinda ndani unayumba. Mwenzako anayelala jirani na jiko naye kichwa. Mwanangu, msongo wa mawazo haukuachi mlangoni ukitoka, unapanda basi na wewe, unakaa laibrari na wewe. Kinachobaki nyumbani ukitoka ni cha nyumbani. Na husuda ya jirani wa Njombe sidhani kama ingemjua na Mkenya wa Eldoret.

Halafu ukanimalizia kabisa: moto wa njano, weusi ukutani, na matundu umeziba. Hapo ndo niliruka.

Hiyo ni kabonimonoksaidi. Na wewe mtoto wa Njombe hii unaijua kuliko Mskoti yeyote, hujaitambua tu kwasababu imevaa suti. Kila mwaka Juni na Julai huko kwetu Nyanda za Juu tunasikia familia imeingiza jiko la mkaa ndani ipate joto, wakafunga dirisha, asubuhi majirani wanavunja mlango. Ni gesi ileile. Chochote kinachoungua bila hewa ya kutosha, mkaa, kuni, mafuta ya taa, gesi ya bomba, kinaitoa. Haina harufu, haina rangi, haikukohozi kama moshi. Moto wa gesi ukiwa na hewa ya kutosha unakuwa wa bluu umesimama vizuri, ukiona njano unalegalega maana yake unaungua nusunusu. Na yale matundu yenye wavu uliyoyaziba, hayakuwekwa na mjinga, yaliwekwa ili boila lipumue. Sikulaumu. Mi mwenyewe miaka ile nasomea unesi kule Leeds niliziba la kwangu na kanga, nikaona nimewazidi Wazungu akili, mpaka mama mmoja wa Kijamaika chumba cha pili akaja akaichomoa akanitupia usoni, hakusema kitu. Kanga yangu ya Kisutu, ikawa nyeusi pembeni.

Kile kidude cha kidole sasa. Hicho ndo kilikudanganya, na kimedanganya wengi hata manesi wasiokumbuka darasa. Kinapiga mwanga kwenye kidole kinaangalia damu ina wekundu kiasi gani. Kabonimonoksaidi ikiingia kwenye damu inang'ang'ania pale pale oksijeni inapokaa, tena inang'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, na damu inabaki nyekundu vilevile. Kidude kinaona wekundu kinasema 98, kumbe viti vimekaliwa na mtu mwingine. Cha kupima ni damu yenyewe, maabara, na kuna mashine za kupulizia. Na ukae hewa safi masaa kadhaa inaanza kutoka mwilini, kwahiyo ungeenda kwa daktari mchana umetokea laibrari, vipimo vingeweza kuja vizuri ukaambiwa ni stresi ukapewa kipeperushi. Ndo maana nilikwambia ukifika emajensi sentensi ya kwanza kabisa isiwe kichwa kinauma, iwe: tunaishi watatu, boila bovu, wawili tunaumwa kichwa na kinapona tukitoka nje. Hapo hata aliyelala anaamka.

Alienda. Yeye na Mkenya. Wakawekwa oksijeni ya barakoa masaa kadhaa wakaruhusiwa. Watu wa gesi nao walifika usiku huohuo, wakapima hewa, wakafunga boila na kubandika karatasi ya onyo lisiwashwe. Mjue tu hao wa namba ya dharura kazi yao ni kuzima hatari, hawatengenezi boila, hilo ni la mwenye nyumba.

Bili? Sifuri. Na hapa ndo nataka niongee na wanafunzi wetu wote mlioko Uingereza maana hii hofu ya bili nimeisikia mpaka basi. Mwanangu wakati unaomba viza kuna hela ulilipa ukaumia, ile ya afya. Mwanafunzi analipa pauni 776 kwa mwaka, na wengi wa masta ya mwaka mmoja inafika 1,164 maana viza inazidi mwaka. Hiyo ndo mipaini ya mzee wako. Umeshalipia daktari, umeshalipia hospitali, sasa unakaa geto unameza mseto wa kuomba. Jiandikishe kwa daktari wa mtaani, ndo huyo wanamwita GP, kesho asubuhi, kujiandikisha ni bure, na hawatakiwi kukukataa eti huna karatasi ya umeme yenye jina lako. Tena wewe uko Scotland, umebahatika, dawa za kuandikiwa na daktari hamlipi toka mwaka 2011, wenzenu wa England wanalipia kila dawa dirishani. Hata kupimwa macho huko ni bure, kwahiyo mwambie Mkenya kama bado anaitaka miwani yake aende. Kukiwa na shida isiyo ya kufa na usiku umeingia, piga 111, simu ya ushauri wa afya. Kingereza kikikugomea kwasababu umepaniki, taja tu Swahili, wana wakalimani kwenye simu.

Na hilo la kuandikwa matatizo ya akili viza ikaingia doa, sijui nani anawatia haya maneno. Kuongea na daktari au mshauri wa chuo kwamba una huzuni hakufuti viza ya mtu. Kinachofuta viza ni kazi kupitiliza, ni masaa 20 kwa wiki kipindi cha masomo na wewe shifti zako mbili za kumi kumi umejaza kikombe, usimshikie mtu hata shifti ya nusu saa, basi, nimemaliza hapo.

Mseto. Nimekasirika kidogo hapa nivumilie. Dozi nzima umemeza bila kupima, kwenye nchi ambayo kipimo ungekipata bure. Malaria inaweza kweli kumfuata mtu, hilo sikatai, na ukipata homa baada ya kutoka nyumbani, hata ikapita miezi, mwambie daktari nimetoka Tanzania nipime malaria, sema wewe maana yeye anaweza asiwaze, kwake homa ya Januari ni mafua. Lakini wewe homa hukuwa nayo. Ulikuwa unatibu mbu wa Glasgow.

Mwenye nyumba. Najua unachoogopa, mkataba hakuna, ukilalamika mtatupiwa mabegi barabarani kwenye baridi. Naelewa pia kuna ile ya Mwafrika mwenzetu, tusimchome. Mwanangu, huyo mwenzetu mmemwonyesha moto wa njano akawaambia msiuchokonoe. Huko Scotland mwenye nyumba analazimika kila mwaka kuleta fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, ile orodha rasmi ya mafundi wa gesi, akague vyombo vya gesi, na mpangaji apewe nakala ya ile karatasi. Penye boila la gesi anatakiwa pia awe ameweka kengele ya kabonimonoksaidi. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukufanyi wewe usiwe mpangaji, hela anapokea kila mwezi, na kukutoa kuna utaratibu wake, siyo kubadilisha kitasa. Nenda ofisi ya ushauri ya chama cha wanafunzi chuoni kwako, au wapigie Shelter Scotland, shirika la kusaidia watu wenye shida za makazi, wote hawa ushauri wao ni bure na wanazijua hizi kesi. Kuanzia leo kodi lipa kwa benki ibaki na alama. Na popote utakapohamia, kabla hujaangalia kitanda angalia boila, uliza karatasi ya mwaka huu, na nunua kengele yako mwenyewe ya pauni 15 mpaka 20, unahama nayo kama unavyohama na sufuria. Magazeti toa.

Sasa giza, maana usidhani nimelisahau. Kichwa kilikuwa cha boila lakini huzuni siyo yote ya boila. Mtu aliyezoea jua la saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili ukimpeleka kwenye masaa saba ya mawingu lazima atikisike, hata wao wenyeji wanatikisika. Kuna vitamini D, ngozi inaitengeneza kwa jua, na huko kuanzia Oktoba mpaka Machi jua halina nguvu hiyo, wenyewe serikali yao inawashauri watu wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku kipindi hicho, na sisi wenye ngozi nyeusi tumeze mwaka mzima. Ni vidonge vya bei ya chipsi. Halafu toka nje mchana, hata mawingu yakiwepo, saa sita ile unayoitumia kukaa kwenye simu nenda katembee bustani ya Kelvingrove au popote palipo karibu, nusu saa tu. Na usiku wa Ijumaa na Jumamosi ukiwa unakesha usiifanye Jumapili nzima kuwa kitanda, lala ukifika asubuhi, amka mchana, tafuta watu. Watanzania wapo Glasgow, kama huwajui waulize Wakenya, wao huwa wanajua kila mtu yuko wapi.

Kama kuna usiku mawazo yanakuwa mazito kiasi cha kujiuliza kama uendelee kuishi, kuna namba 116 123, Samaritans, bure, usiku na mchana, wanasikiliza tu hawahukumu. Nakupa hata kama hujaniambia hilo. Kaa nayo.

Kurudi nyumbani: hapana, siyo sasa. Hukuwa na mwili uliokataa Ulaya, ulikuwa na mwili unaopigiwa kelele na moshi usioonekana. Jipe wiki sita nje ya hiyo nyumba, lala, kula, vidonge vyako, halafu ukiona bado hutaki, ongea na chuo kuhusu kuahirisha, wana utaratibu, lakini muulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa maana kuahirisha kunagusa viza. Mzee wako nitakwambia ukweli, mwanaume aliyepalilia mipaini miaka yote hiyo anaelewa habari ya kusubiri kuliko unavyomdhania. Mpigie yeye, siyo mama tu. Mwambie boila lilikuwa bovu tulikaribia kufa. Usimfiche akaja kusikia kwa mtu.

Maombi ya saa mbili usiku endelea nayo, hayajamdhuru mtu.

Juzi kaniandikia tena. Wamehama, yeye na Mkenya wamepata chumba kwa familia moja ya Kiganda, Mnaija kaenda kwa dada yake. Kichwa siku ya tisa hakijauma. Mzee alipoambiwa alinyamaza kwenye simu muda mrefu halafu akauliza, hivi na kwetu lile jiko la mkaa chumbani kwa bibi yako tuliondoe? Wakaliondoa siku hiyohiyo. Mama yeye bado hajaridhika. Kasema sawa, gesi kaielewa, ila anataka aambiwe ni nani hasa aliyeziba yale matundu. Kijana anasema alikohoa, akasema mtandao unasumbua, akakata simu.